Nimemfundisha kubebesha (kupandikiza) mikorosho, leo yuko juu yangu kwenye Tange (orodha ya nani mkubwa kwa nani kazini). Hii imekaaje wakuu?

Mama wa Kata

Habari za jioni wakuu, naombeni mnivumilie nikiandika marefu maana hili jambo nimekaa nalo tangu juma lililopita hata ugali haushuki vizuri.

Mimi ni mtumishi wa kilimo kwenye halmashauri moja huku mkoa wa Mtwara, sitaji ipi maana kusini tunajuana wote. Niliajiriwa 2009 na stashahada, Afisa Kilimo Msaidizi, ngazi ya mshahara TGS C, nikapangiwa kata ya ndani kabisa huko juu uwanda wa Makonde ambako maji tulikuwa tunanunua kwa ndoo kama mafuta ya taa. 2013 nikapanda daraja. 2016 barua ya kupanda tena ikatoka, nikaishika kwa mkono wangu huu, nikamwambia mume wangu sasa tunapaua ile nyumba, haukupita muda serikali ikasitisha kila kitu kupisha uhakiki, barua ikarudi ilikotoka na nyumba ikabaki na matofali yake mpaka miche ya mipapai ikaota ndani.

2018 nikaenda Morogoro kusoma digrii, nimemwacha mtoto wa miaka mitatu kwa mama yangu. 2021 nikarudi nikaomba kubadilishiwa kada, nikabadilishiwa, nikawa Afisa Kilimo Daraja la II, yani mlango uleule anaopitia mtoto aliyemaliza chuo jana. Nikameza, nikasema si kitu, tutapanda.

Januari 2022 akaja kijana katoka Ajira Portal (ule mfumo wa serikali wa kuombea kazi), mtoto wa watu mpole tu, ila mkorosho alikuwa anaujua kwenye slaidi. Nilimpokea mimi stendi, kakaa kwangu wiki mbili anatafuta chumba. Nikamfundisha kubebesha, kikonyo unakikata wapi, unakichonga vipi, nailoni unafunga kuanzia chini kupanda juu ili mvua isiingie kwenye kidonda, mara ya kwanza miche 30 ikamshikia minne akataka kulia. Nikamfundisha kuujua ubwiri unga asubuhi jua halijawa kali, unageuza shada la maua unaona kama limepuliziwa poda ya mtoto. Nikamwambia salfa usimruhusu mkulima apulize upepo umeshaanza, utapulizia barabara.

Sasa juma lililopita Tange imetumwa kwenye grup la WhatsApp, pidiefu, nafungua, yeye namba 11, mimi 14. Mkuu wa divisheni kaenda mafunzoni, anayekaimu ni huyohuyo kijana. Jumatatu nimeamka nakuta ujumbe "mama shikamoo, naomba taarifa ya mgao wa salfa ya kata yako leo kabla ya saa kumi". Shikamoo ipo, adabu ipo, sikatai. Lakini jamani.

Naomba kuuliza, mtu mwenye miaka 16 kazini anawekwaje chini ya mwenye miaka mitatu na nusu? Na nianzie wapi, Tume ya Utumishi wa Umma, CMA (ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), mahakamani, au ninyamaze nilee wajukuu?

Chuma cha Ferry

Mama pole. Ila hiyo habari ya sinia na jinia, yani nani mkubwa nani mdogo kazini, huku pwani sinia tunalijua moja tu lile la pilau, na kwenye sinia la pilau hata uwe umefika wa kwanza ukinawa taratibu unakuta mifupa.

Kijana wa Portal

Mama shikamoo. Mimi ni upande wa pili wa hii stori, siyo huyo kijana wako lakini ni wa namna hiyohiyo, nipo halmashauri moja mkoa wa Lindi, naomba niseme bila kukukosea heshima.

Watu wanadhani sisi tumeokota hizi kazi. Mimi nimemaliza chuo 2016, mwaka huohuo ajira zikasimama, nikakaa mtaani miaka mitano nauza vocha na kubeba magunia ya korosho ghalani, nimeitwa usaili Dodoma mara tatu kwa nauli ya kukopa, unafika unakuta watu wamejaa kama mnada, mnafanya wa kuandika, wachache mnabaki, mnaenda wa mahojiano, halafu unasubiri pleisimenti, yani kupangiwa kituo, hujui hata kama ipo. Nimeripoti kazini nina miaka 30. Nikifika naambiwa na wakubwa "wewe mgeni tulia". Sawa nimetulia. Lakini PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji) ya ofisi nzima najaza mimi, mtu na miaka yake 20 ananipa nywila yake nimjazie malengo, likizo kwenye ESS (mfumo wa mtumishi kujihudumia) naomba mimi, pawapointi ya mkuu mimi, yeye anasaini tu. Halafu ikija Tange ndo tunakumbushana nani alikula chumvi nyingi.

Tange ni ya cheo, siyo ya umri wa kuishi ofisini. Kama mimi nimeingia Daraja la II kabla yako wewe hujaingia Daraja la II, mimi nipo mbele, hata kama wewe ulikuwa unafagia ofisi hiyo mimi nikiwa la tatu B.

Mama wa Kata

Mwanangu marahaba. Hiyo ya kufagia umenigusa pabaya maana kweli nilikuwa nafagia, ofisi ya kata haikuwa na mhudumu. Ila sijabisha kuhusu kusota, nimeuliza miaka yangu 12 kabla ya kubadilishiwa kada imeenda wapi? Imeyeyuka?

Mwl Nachi

Ukiona hivyo mshukuru Mungu hukuwa mwalimu. Sisi darasa moja la ajira mpya 2012, waliokwenda kusoma na wasiokwenda, waliopata barua kabla ya kusitishwa 2016 na waliokosa kwa wiki mbili, leo tupo madaraja matatu tofauti, ukikaa kwenye chai ya saa nne unaweza kudhani tumeachana miaka kumi. Mserereko, yani kupandishwa kufidia kucheleweshwa, ulikuja ukaokoa baadhi, wengine tukaambiwa hatumo. Mtu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja chuoni ananizidi mshahara kama nauli ya Dar kwenda na kurudi kila wiki. Nisiongee sana.

Mzee wa Masijala

Salamu. Nimestaafu utumishi, nilikuwa upande wa rasilimali watu mikoa hii miwili kwa muda mrefu, Tange nimezipanga kwa mkono enzi za taipureta na nimezipanga kwa kompyuta, zote zilileta ugomvi.

Bi mkubwa, naona umechanganya maumivu mawili kwenye kapu moja, na ukiyapeleka hivyo mbele ya wakubwa watalimwaga kapu lote. Yatenganishe.

La kwanza, miaka yako 12. Haijayeyuka, ipo kwenye pensheni yako, tarehe ya ajira ya kwanza ni 2009 na itabaki 2009 mpaka siku ya kustaafu. Lakini kwenye Tange miaka hiyo ni ya kada nyingine. Msaidizi ni muundo mmoja, Afisa ni muundo mwingine, ukihama muundo unaingilia mlango wa chini wa muundo mpya, ndo maana mara nyingi mtu anapewa mshahara binafsi, pesa haishuki lakini cheo kinaanza upya. Unaweza kusema sio haki na mimi nitakuelewa, nimewaona watu wazima wanalia mezani kwangu kwa jambo hilohilo, ila ndivyo muundo ulivyo na mwajiri wako hana kalamu ya kuubadilisha. Huyo kijana wa Lindi amesema kweli ingawa kasema kwa mdomo mkali.

La pili ndilo lililonifanya nivae miwani nisome mara mbili. Umesema umerudi 2021, umebadilishiwa kada, halafu kijana kaja Januari 2022. Sasa mbona yeye yuko juu? Kama ulibadilishiwa kabla hajaripoti ungekuwa juu yake. Kama ulibadilishiwa baadaye, yeye yuko juu kihalali. Kila kitu kipo kwenye tarehe hiyo moja na wewe hujaitaja!

Nilivyokuwa naipanga mimi ni hivi. Watu wa cheo kimoja, naangalia tarehe aliyoingia kwenye cheo hicho. Wakigongana tarehe, naangalia nani alikuwa mkubwa kwenye cheo cha nyuma. Wakiwa wageni wote wameingia siku moja, naangalia umri. Wala sitazami nani kamfundisha nani kubebesha, na Mungu anisamehe.

Na barua ya serikali ina tarehe mbili, watu hawaangalii. Kuna tarehe ya kuandikwa barua pale juu kulia, na kuna tarehe ndani ya aya, "kuanzia tarehe fulani". Halafu inakuja ya tatu, ambayo haipo kwenye barua kabisa, nayo ni siku mtu wa mfumo alipokaa akaingiza mabadiliko mshahara ukasoma cheo kipya. Hii ya tatu ndiyo mchawi. Mabadiliko yanaweza kuchelewa miezi nane bajeti haijakaa, na anayetengeneza Tange akivuta tarehe kutoka kwenye mfumo badala ya kwenye jalada, umekwisha.

Nenda masijala, omba jalada lako binafsi kupitia utaratibu, soma barua ya kubadilishiwa kada, aya ya kwanza, rudi hapa.

Chuma cha Ferry

Mzee kumbe sinia linapangwa kwa tarehe! Nyongeza ya Julai 2025 ilitoka kima cha chini 370,000 mpaka 500,000 watu wakachekelea, kumbe wengine mnahesabiana siku.

Pune mpaka Mikindani

Wadau msidhani huu ugomvi ni wa kwetu peke yetu. Nilisoma India, Pune, mwenye nyumba wangu alikuwa mtumishi wa mamlaka ya kodi kule, alianzia ukarani akapanda mpaka mkaguzi. Kila jioni akinywa chai yake ya tangawizi ni habari hiyohiyo, waliopandishwa na walioajiriwa moja kwa moja. Kule wana mgao kabisa, nafasi za cheo fulani asilimia kadhaa zinakwenda kwa wanaopanda kutoka chini, zinazobaki kwa wanaopita kwenye mtihani wa nje, halafu kwenye orodha wanapangwa kwa zamu, mmoja wa hapa mmoja wa pale kama shanga.

Ubaya ukawa kwamba wa mtihani wanachelewa kufika. Nafasi imetangazwa mwaka huu, mtihani mwakani, kuripoti mwaka wa tatu, na huku ndani waliopanda wameshakalia viti. Je huyo aliyechelewa apewe ukubwa wa mwaka nafasi ilipotangazwa, au wa siku aliyoripoti? Mahakama ya Juu ya India mwaka 1990, kesi ya mainjinia wa jimbo hilohilo la Maharashtra nililokuwa nakaa, majaji watano walisema ukiteuliwa kwa kufuata kanuni, ukubwa wako unahesabiwa tangu siku ya uteuzi, siyo siku ya kuthibitishwa. 2012 ikaja kesi ya N.R. Parmar, ya hao hao wakaguzi wa kodi, ikasema wa kutoka nje wahesabiwe tangu mwaka mchakato wa kuwaajiri ulipoanza, maana kuchelewa siyo kosa lao. Ndo mwenye nyumba wangu alishushwa, watu ambao yeye kawakaribisha ofisini wakapanda juu yake kwenye orodha, kama mama wa kata hapa. 2019 mahakama ileile kwenye kesi ya polisi wa Manipur, Meghachandra, ikaifuta ile ya 2012, ikasema mtu hawezi kudai ukubwa wa tarehe ambayo hata hajazaliwa kwenye kada. Ila waliokwisha kupangwa kwa ile ya zamani wakaachwa hivyohivyo. Mzee alishinda kwenye karatasi na akastaafu palepale alipokuwa.

Hukumu za India hazimfungi mtu wa Mtwara, naelewa, ila muone kwamba hata waliobobea wamezunguka miaka karibu thelathini kwenye swali moja tu, tarehe ipi.

Kijana wa Portal

Duh, kwa hiyo ile ya 2012 ingekuja kwetu mimi ningehesabiwa tangu tangazo la kwanza nililoomba. Ningekuwa mkuu wa divisheni sa hivi 😂

Mama wa Kata

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya siku nne, kutoka kwangu mpaka makao makuu ni pikipiki masaa mawili na vumbi lake, na salfa ndo msimu wake huu siwezi kuwaacha wakulima.

Nimekwenda masijala. Yule dada wa pale tunaelewana, nimeandika kuomba nikapewa nikasoma mbele yake. Mzee wa Masijala nakusalimu sana popote ulipo. Barua imeandikwa 14 Februari 2022. Aya ya kwanza inasema nimebadilishiwa kada kuwa Afisa Kilimo Daraja la II kuanzia tarehe 1 Novemba 2021. Nikaisoma mara tatu, kidole kipo kwenye mstari. Kwenye Tange wameandika tarehe ya cheo cha sasa 01/07/2022! Nikachukua salari slipu zangu za zamani kwenye simu, kweli mshahara ulisoma cheo kipya Julai 2022, mwaka mpya wa fedha ulipoanza. Yani wamechukua siku ya mfumo kama ulivyosema.

Kijana tarehe yake ni 10 Januari 2022, iko sahihi. Kwa hiyo kwa barua mimi nipo mbele yake kwa miezi miwili na siku kadhaa, kwa mfumo nipo nyuma yake kwa miezi karibu sita. Miaka 16 yote imekuja kuishia kwenye miezi miwili, nimecheka peke yangu kwenye ngazi za halmashauri mlinzi akaniuliza mama kuna nini.

Sasa niende CMA? Kuna ndugu yangu ana wakili hapa mjini Mtwara anasema tufungue tu.

Mzee wa Masijala

Tulia. Usikimbilie huko, utapoteza nauli na wakili atapata ya watoto. Tangu mabadiliko ya 2016 kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma kile kifungu cha 32A kinamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani ya sheria ya utumishi kabla ya kugusa za sheria za kazi. Wangapi wamefungua wakarudishwa mlangoni, na wakirudi huku muda wa rufaa umeshapita.

Wewe huna kesi, una kosa la kuingiza tarehe, usiligeuze kesi mpaka wakatae. Andika barua kwa mkurugenzi, ukurasa mmoja, usiweke habari ya kijana wala ya kubebesha wala ya nyumba kuota mipapai. Kichwa, "Ombi la kurekebisha tarehe ya cheo cha sasa kwenye Tange". Ambatisha nakala ya barua ya kada, ukurasa wa Tange ulio na jina lako, basi. Omba mfumo nao urekebishwe, siyo karatasi tu, maana mwakani watavuta tena kutoka kulekule na utarudi namba 14. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hiyo ndiyo silaha yako. Wakikataa kwa maandishi, hesabu siku 45 tangu uipokee, unakwenda Tume ya Utumishi wa Umma, na ukiona Tume nayo haikukutendea haki kuna ngazi ya Rais, na Mahakama Kuu ipo hapo Mtwara kama mtafika huko, sidhani.

Na hiyo miezi miwili usiidharau. Nafasi za kupanda zinakuja chache kwa kadri ya bajeti, wakisema mwaka huu wanapanda kumi na mbili, namba 11 na namba 14 siyo watu wa maisha sawa. Cheo ni mshahara, mshahara ni kikokotoo cha pensheni.

Pune mpaka Mikindani

Mzee kasema. Mama ongeza tu neno moja kwenye barua, omba na majibu kwa maandishi. Ukiambiwa kwa mdomo "tunalifanyia kazi" hizo siku 45 utazihesabia wapi.

Mama wa Kata

Barua nimeandika, ukurasa mmoja kama mzee alivyosema, ingawa mipapai iliniwasha sana kuitaja. Ila hamkuniambia kitu kimoja. Barua ya mtumishi kwenda kwa mkurugenzi lazima ipite kwa mkuu wake, na mkuu wa divisheni bado yuko mafunzoni. Kwa hiyo nimeandika pale juu "Kupitia kwa: Kaimu Mkuu wa Divisheni", ndo huyo kijana.

Nimesimama mlangoni kwake kama dakika tano nashika bahasha. Nikaingia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikampa. Akasoma. Akaivuta Tange kwenye laptopu, akaangalia, akarudi kwenye barua, akaangalia ile aya, akanyamaza kidogo. Akaniuliza "mama nikirekebisha hapa si mimi nashuka?" Nikamwambia ndiyo baba, unashuka moja. Akatoa kalamu akaandika pale chini "Tarehe iliyopo kwenye barua ni sahihi, naomba irekebishwe", akasaini, akagonga muhuri, akapeleka mwenyewe masijala nikabaki na nakala yangu.

Alivyorudi akanifungulia mlango nitoke, halafu akasema "mama, ile taarifa ya salfa lakini bado sijaipata".